Sijafunga

Mama Pasi hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wenzake katika chumba cha kufulia cha hospitali, ambako alipiga pasi mashuka kwa miaka ishirini na sita, na jina likamganda hata baada ya kustaafu, kama harufu ya sabuni inavyoganda vidoleni. Sasa alikuwa na miaka sitini na miwili, chumba kimoja chenye jiko la pembeni, redio inayokoroma, na viti viwili. Kimoja alikalia. Cha pili alianikia taulo.

Jioni tatu kwa wiki alikwenda darasa la kompyuta la watu wazima, katika shule ya msingi iliyokuwa mtaa wa pili. Madawati yalikuwa ya watoto, hivyo wanafunzi walikaa magoti yakikaribia videvu. Kompyuta nazo zilikuwa zile zilizokwisha kutupwa na ofisi za watu. Mwalimu, mwanamume mnene, mpole, mwenye miwani ya mkono mmoja, alikuwa ameziwekea Linux, mfumo ambao watu wa nchi nyingi huuandika pamoja na kupeana bure, na ambao, kwa maneno yake, hauoni haya kukaa kwenye mashine kongwe. Kwa kuwa jibu lake kwa kila swali lilikuwa "subiri kwanza," darasa zima lilimwita Mwalimu Subiri, naye aliitika.

Mama Pasi aliandika kila amri kwenye daftari, kwa herufi za kusimama wima, kama anayenakili maneno matakatifu. Na kabla ya kuwasha mashine aliinamisha kichwa kidogo.

"Mama Pasi," mlinzi wa ghala aliyekaa nyuma yake alimwuliza siku moja, "hiyo nayo unaiombea? Kompyuta haina roho."

"Siiombei kompyuta," akajibu bila kugeuka. "Namwombea anayeibonyeza."

Darasa likacheka, na mlinzi akacheka kuwashinda wote.

Muhula wa kwanza ulipokwisha, kila mwanafunzi aliruhusiwa kuondoka na kompyuta yake. Mama Pasi aliibeba kompyuta yake ya mapajani ndani ya foronya safi aliyoipiga pasi asubuhi ile. Wenzake walidhani anafurahia kujifunza uzeeni, na kweli alifurahia. Lakini jambo lililomtoa nyumbani kwake jioni za miezi minne halikuwa hilo. Lilikuwa diski moja ndogo, pana kama kiganja cha mtoto, iliyolala ndani ya sanduku la nguo kwa miaka tisa.

Miaka tisa hiyo ilianza na ugonjwa wa mama yao. Walizaliwa wawili tu, yeye na mdogo wake wa kiume, fundi wa redio na televisheni. Mama alipozidiwa, mdogo alihamia kwake kumwuguza. Dada mtu alikuwa mji mwingine, kwenye zamu za hospitali, na likizo alikuwa amekwisha kuimaliza. Akampigia simu mdogo wake, wakaahidiana: wafunge siku tatu, yeye huku na mdogo kule, wasionje kitu tangu alfajiri mpaka jua lizame, wamlilie Mungu amponye mama yao. Mama Pasi alifunga akiwa amesimama mbele ya mashine ya pasi, mvuke ukimpiga usoni, midomo imemkauka, akihesabu mashuka kwa maombi: shuka moja, ombi moja. Jua la siku ya tatu lilipozama, mama akazama nalo.

Baada ya maziko, akipanga vitu vya marehemu, alikuta kwenye droo ya kando ya kitanda kidiski ndani ya kijaluba cha plastiki. Alijua mdogo wake ana kamera inayorekodi kwenye diski za namna hiyo. Juu ya jalada, kwa kalamu ya wino mzito na kwa mwandiko wa mdogo wake ambao angeuona gizani, palikuwa na tarehe ya ile siku ya tatu. Chini yake neno moja: *Sijafunga.*

Alilisoma mara nyingi. Halafu akainua macho, na mdogo wake alikuwa mlangoni na viti vinne vya majirani mabegani, anavirudisha.

"Kumbe hukufunga," akamwambia.

Mdogo wake alitua viti chini, kimoja kimoja. "Nani kakuambia?"

Mtu asiye na kosa haulizi nani kakuambia. Hivyo ndivyo Mama Pasi alivyofikiri, na moyo wake ukaruka kama mafuta yaliyodondokewa na maji. "Mkono wako mwenyewe umekusema," akajibu.

Mdogo wake aliutazama mkono wake wa kulia, akaushusha polepole. Ndipo dada akasema lile ambalo ulimi, kwa kuwa hauna mfupa, huweza kulisema mara moja na lisifutike maisha: kwamba mama angekuwa hai kama si tumbo la mtu mmoja.

Mdogo wake akaviinua viti vyake, akaenda navyo. Tangu siku ile hawakusemezana. Jamaa wa mbali hawakuingilia, kwani waliosema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime hawakuwa wajinga. Kila mtu alichukua jembe lake. Mama Pasi alimwombea mdogo wake msamaha kila alfajiri, kwa machozi ya kweli, na katika miaka yote tisa haikumjia kwamba huenda wa kuombewa alikuwa mwingine.

Diski yenyewe hakuwahi kuiona. Hakuwa na mashine, na hata angekuwa nayo, asingethubutu. Lakini mwaka ule alitambua jambo lililomtisha: maneno ya mama yake aliyakumbuka yote, ila sauti yake ilikuwa imemtoka akilini. Alipojaribu kumsikia moyoni, mama alisema kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Basi alitaka kumsikia tena. Na alipokuwa mkweli mbele ya Mungu, alijua alitaka na jingine. Alitaka kuliona kosa la ndugu yake kwa macho yake mwenyewe, ili moyo uache kuuliza kila akiketi kula: je, kama ulimwonea?

Siku ya kwanza ya kuwa na kompyuta nyumbani, alinawa mikono, akashindika mlango, akavuta trei ya diski. Trei ilikuwa na viduara viwili, kimoja ndani ya kingine, na diski yake ikakaa sawia kwenye kile cha ndani. Akasukuma. Mashine ikavuma, ikanyamaza, ikavuma tena, ikakohoa mara tatu kama mzee anayetaka kusema. Kisha ikatulia. Kwenye skrini pakatokea maneno mawili: *Diski tupu.*

Alifungua daftari. Mwalimu Subiri alikuwa amewapa kanuni moja waliyoiimba darasani: kabla hujalaumu mashine, jaribu diski nyingine, kabla hujalaumu diski, jaribu mashine nyingine. Alikuwa na diski ya sherehe yake ya kustaafu, ambayo wenzake waliichoma wenyewe wakamgawia. Akaiweka. Ile programu ya video yenye alama ya koni ya barabarani ikafunguka bila taabu, na wapiga pasi wote wakajitokeza wamevaa vizuri, wakimwimbia mtu asiyejua aweke wapi mikono yake. Alijitazama kidogo, akaitoa. Mashine nzima. Kasoro iko kwa diski.

Jumatatu aliipeleka darasani, imeviringishwa kwenye leso. Kijaluba alikiacha nyumbani makusudi, kwani kosa la ndugu yako halianikwi mbele ya watu, hata kama hamsemezani.

"Kisahani cha chai hiki," mlinzi akasema alipoiona. "Kikombe chake kiko wapi?"

"Kikombe ni mdomo wako," Mama Pasi akamjibu, "lakini huo haujai."

Mwalimu Subiri aliijaribu kwenye mashine yake, kisha kwenye nyingine mbili. Zote zilisema lile lile. Akavua miwani. "Mama, pole. Hii ni tupu. Nadhani walirekodi kwenye nyingine, hii wakaiweka pamoja kwa bahati mbaya. Hutokea."

"Asante, mwalimu," akasema, akaiviringisha tena.

Jioni ile hakupika. Aliketi kwenye kiti chake akitazama taulo kwenye kile cha pili. Kama diski ni tupu, basi kwa miaka tisa amelinda kitu kisichokuwamo. Mama hayumo. Kosa halimo. Limebaki neno tu juu ya jalada. Alijaribu kuomba, na kwa mara ya kwanza maombi yalimtoka kama hesabu ya mashuka, bila mtu upande wa pili. Akalala na nguo zake.

Asubuhi aliisogeza diski dirishani kabla ya kuirudisha sandukuni. Hakuwa na sababu. Mikono ndiyo iliyofanya. Miaka ishirini na sita ilikuwa imeifundisha mikono ile kwamba shuka halikaguliwi likiwa limelala. Unaliinua, unaliinamisha kwenye mwanga, unauacha mwanga upite ubavuni, na hapo ndipo alama ya pasi iliyozidi moto hujitokeza, hata iliyofichika. Akaiinamisha diski hivyo hivyo, uso wa chini ukiwa juu. Mwanga ukapita ubavuni. Kuanzia kwenye tundu la katikati palikuwa na mviringo, upana wa kidole, wenye rangi ya zambarau iliyokolea kidogo. Baada ya hapo, mpaka ukingoni, rangi ilikuwa nyepesi. Mpaka baina ya rangi mbili ulikuwa mkali kama mkunjo wa suruali.

"Imeungua," akasema peke yake. Kitambaa kilichopitiwa na moto hakirudi kuwa kile kile, na hiki kilikuwa kimepitiwa.

Mwalimu Subiri alikuwa na kawaida ya kutengeneza mashine darasani asubuhi za Jumamosi. Mama Pasi alifika kabla yake. Safari hii alibeba kila kitu, hata kijaluba, ndani ya mkoba.

"Mwalimu, hii si tupu. Njoo hapa dirishani. Usiitazame hivyo, iinamishe. Unaona?"

Mwalimu aliinamisha diski, akainamisha na shingo. "Mwenye macho haambiwi tazama," akasema, "na mimi nimeambiwa, mwenye macho manne. Subiri kwanza."

Aliiweka kwenye mashine. Safari hii hakufungua programu ya koni, ila lile dirisha jeusi la amri, akaandika mstari mrefu. Skrini ikajaa maneno ya Kiingereza. Akaufuata kila mstari kwa kidole, kidole kikasimama.

"Loo! Ndiyo maana. Mama, diski yako haijafungwa."

Mama Pasi alidhani hakusikia vizuri. "Umesemaje?"

"Haijafungwa. Aliyerekodi hakuifunga."

"Diski nayo hufunga?"

Mwalimu akacheka, kwa kuwa hakujua alichoulizwa. "Haifungi yenyewe, inafungwa. Kamera hizi za diski ndogo huchoma picha kwanza. Ile orodha ya kusema picha ipi iko wapi huiacha mpaka mwisho, mpaka mwenyewe aseme basi, siongezi tena. Hapo kamera inaandika orodha kule mwanzo, na mashine zote zinaweza kuisoma. Ndiyo tunaita kuifunga. Isipofungwa, kamera yake inaijua, lakini kwa mashine nyingine inaonekana tupu."

"Na kwa nini mtu asiifunge?"

"Ina nafasi bado. Anataka kuongeza kesho au kesho kutwa. Ukishaifunga, ndiyo basi. Mimi mwenyewe nilikuwa na kamera kama hiyo, na tulikuwa tunaandika juu kabisa, hii nimefunga, hii sijafunga, usije ukampelekea mtu diski asiyoweza kuiona." Macho yake yakaangukia kijaluba mezani, akakigeuza. "Si hili hapa? Huyu bwana ameandika vizuri kabisa. Sijafunga. Mama, ungenionyesha hiki Jumatatu tusingehangaika."

Mama Pasi alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Kilikuwa kiti cha mtoto, akashuka mbali kuliko alivyotarajia.

"Mama? Unajisikia vibaya?"

"Hapana. Endelea tu, mwalimu. Inaweza kuonekana bila kufungwa?"

"Kuifunga sasa siwezi kuthubutu, tunaweza kuipoteza yote. Lakini tunaweza kuinakili mbichi, punje kwa punje, kama ilivyo. Halafu tuipe programu ile nakala, iitafute picha yenyewe bila orodha. Itachukua muda. Subiri..."

"Kwanza," akamalizia.

Ilichukua saa mbili na dakika kumi. Mashine ilinguruma, ikakwama, ikarudi nyuma, ikanguruma tena. Namba zilipanda kwenye dirisha jeusi, moja moja. Mwalimu aligeukia kompyuta mbovu, akaifungua, akawa anafuta vumbi kwa brashi ya rangi. Mama Pasi aliketi na mikono mapajani. Hakuwa na maneno ya kumwambia Mungu isipokuwa moja, nisamehe, na hilo lilimwogopesha. Kama mdogo wake alifunga, basi miaka tisa ametembea duniani na lawama ya kifo cha mama yake, aliyovishwa na mtu aliyesoma neno vibaya. Na kwa nini hakujitetea? Kwa nini aliuliza nani kakuambia? Aliigeuza ile siku kila upande, haikumpa jibu. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba alikuwa ameifunga kesi ndani ya nyumba ya msiba, hakimu akiwa yeye na shahidi akiwa jalada.

"Tayari," mwalimu akasema. "Dakika kumi na moja zimesomeka. Kuna sehemu za kukatakata." Akabonyeza, picha ikatokea, ukingo wa kitanda na blanketi. Mwalimu Subiri aliitazama sekunde moja, akamtazama Mama Pasi, akachukua ndoo. "Naenda kuteka maji," akasema, na ndoo ilikuwa na maji.

Kamera ilikuwa imewekwa juu ya meza, imeinama kidogo. Mama yao alionekana ameegemea mito miwili, amekuwa mdogo sana, kichwa kimefungwa kitambaa. Mdogo wake alikuwa pembeni, bakuli la supu mkononi.

"Kunywa kidogo, mama."

"Wewe umekula?"

Mama Pasi akaweka kiganja mdomoni. Ilikuwa ile sauti. Ilikuwa nyembamba kuliko alivyoiwazia, na ilikuwa na mkwaruzo mwishoni ambao hakuukumbuka hata siku moja, na mara tu alipousikia ukawa wa siku zote.

"Mimi nimefunga," mdogo wake alisema kwenye skrini. "Mimi na dada. Leo ya tatu."

"Mnafunga kwa ajili yangu."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana." Mama akageuzia uso ukutani. "Siku tatu unaniletea chakula, unasimama hapo kama askari. Nakula natazamwa. Siwezi kula peke yangu, mwanangu. Ladha haipo. Chukua kijiko."

"Mama, nimemwahidi dada."

"Dada yako nitaongea naye mimi. Huyo namjua, ana moyo wa moto. Akija nitamwambia mwenyewe. Chukua kijiko."

Picha ikakatika, ikaruka. Iliporudi, mdogo wake alikuwa ameketi kitandani, kijiko kinaenda mdomoni.

Alikula! Kilichoruka ndani ya Mama Pasi kwanza, Mungu amsamehe, kilikuwa furaha. *Nilisema! Nilijua!* Ilidumu pumzi moja tu. Maana mama yake naye alikuwa anakula. Kijiko cha mwana, kijiko cha mama, bakuli moja. Mdogo wake alifyonza supu kwa kelele, kama alivyofyonza tangu utotoni, na mama akamwambia, "Hata ng'ombe mtoni hawanywi hivyo," na akacheka. Mgonjwa ambaye jua la siku ile lingezama naye alicheka mpaka akashika mbavu, akaomba aongezewe. Halafu mkono wa mdogo wake ukaja mbele, ukubwa wa skrini nzima, ukazima kamera.

Mama Pasi alikaa mbele ya kioo cheusi. Siku ile ile, saa ile ile, yeye alikuwa mbele ya mvuke, tumbo tupu, akimhesabia Mungu mashuka. Hakudhani Mungu alimdharau. Lakini alichokuwa anakitafuta mama yao siku zile kilikuwa mtu wa kula naye, na mtu huyo alipatikana, na yeye akamwadhibu. Alikuwa amelisoma neno vibaya, akapata jambo la kweli, na hilo la kweli nalo akalisoma vibaya.

Mwalimu aliporudi na ndoo yake, alimwekea nakala kwenye kompyuta yake bila kuuliza kitu. Alipomfungulia mlango alisema tu, "Yule bwana aliyerekodi alitunza diski vizuri. Haina mkwaruzo."

Alasiri alikaa kitandani na simu. Namba ya mdogo wake ilikuwa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la zamani, nusu ya wino imefifia. Hakujua kama bado inatumika. Aliomba kwa ufupi, kwa kuwa ombi refu lingekuwa njia ya kukwepa. Akapiga. Iliita mara saba.

"Haloo."

"Ni mimi."

Upande wa pili palisikika nyundo ndogo ikiwekwa juu ya meza. Kisha: "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi unaumwa."

"Siumwi. Nimeiona diski. Ya mama, ya siku ya tatu."

"Haiwezekani," mdogo wake akasema, na ikawa sauti ya fundi, siyo ya ndugu. "Ile sikuifunga. Na kamera ilikufa mwaka ule ule."

"Najua hukuifunga. Nimejua leo asubuhi." Akavuta pumzi. "Miaka tisa nilijua lile neno la jalada linakusema wewe, si diski. Nilijua umeandika kwamba wewe ndiye hukufunga."

Mama Pasi aliitazama simu kuona kama imekatika.

"Ulisema mkono wangu umenisema," mdogo wake akasema mwishowe, taratibu. "Nilidhani ni mkono huu, ulioshika kijiko. Nilidhani mama alikusimulia kabla... sijui kwa njia gani. Nikaona umejua."

"Sikujua kitu."

"Lakini nilikula, dada."

"Nimekuona ukila. Nimemwona na yeye akila. Nilikuambia maneno ambayo hayakuwa na haki ya kutoka kinywani mwangu. Siku ile na siku zote zilizofuata nilipokuwa nakuombea kama mwenye dhambi. Nisamehe. Kama si leo, wakati utakapoweza."

Mdogo wake hakusema amesamehe. Alikohoa. Akauliza jambo lingine, haraka, kama anayeogopa jibu. "Anasikika?"

"Nani?"

"Mama. Sauti imetoka? Kipaza sauti cha kamera ile kilikuwa kibovu. Mimi sina hata... Sijamsikia tangu siku ile."

Mama Pasi hakuwahi kulifikiria hilo. Katika upweke wake wote hakuwahi kuwaza kwamba mji mwingine kuna mtu amekaa na ukimya ule ule, wa mtu yule yule.

"Inasikika," akasema. "Subiri usikate."

Akaiwasha kompyuta, akaifungua nakala, akapandisha sauti mpaka mwisho. Akaisogeza simu kwenye kitundu kidogo cha spika, ubavuni mwa mashine. Chumba kikajaa mlio wa bakuli na kijiko. Mama alipouliza kama amekula, kutoka ndani ya simu pakasikika mtu akivuta pumzi kwa nguvu, kisha hakuna tena kilichosikika upande ule.

Dakika kumi na moja ni nyingi kwa mkono ulionyooshwa. Ilipofika mahali pa kicheko bega lilikuwa linamuuma, na angeweza kuibadilishia mkono wa pili, lakini ingebidi aiondoe simu kidogo, na kidogo hicho mdogo wake angekikosa. Akaishikilia hapo hapo.